GHARAMA YA KUPIMA NYONGA ZA MBWA WAKUBWA: NANI ALIPE, NA LINI?

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Mada niliyokabidhiwa huenda ikaonekana kuwa ni ya anasa. Baadhi yenu mtajiuliza: iweje tuketi kuzungumzia nyonga za mbwa hali mambo mazito yanatungoja? Jawabu ni kwamba mbwa wakubwa wa kigeni, kama vile German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, leo wanalinda nyumba, maghala na hoteli, na wengine wamo katika kazi za umma. Jeshi la Polisi Tanzania lina kikosi cha mbwa na farasi, na mbwa wa kunusa meno ya tembo wamefanya kazi katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mbwa wa namna hiyo hununuliwa kwa fedha nyingi na hufunzwa kwa muda mrefu. Akishindwa kusimama akiwa na umri wa miaka mitatu, mwenyewe amepata hasara. Na iwapo alinunuliwa kwa fedha za umma, hasara hiyo ni yetu sote.

Kwanza, tuyafahamu maradhi yenyewe. Kiungo cha nyonga ni kichwa cha mfupa wa paja kilichokaa ndani ya kikombe chake. Kwa mbwa mwenye afya, kichwa hicho huenea barabara ndani ya kikombe. Kwa mbwa mwenye kasoro, kiungo hulegea tangu udogoni, mifupa husuguana, gegedu huliwa, na hatimaye huingia baridi yabisi. Dalili zake ni mbwa kuinuka kwa taabu, kukataa kupanda ngazi, kuchechemea baada ya kazi, na kukimbia huku akirusha miguu ya nyuma kwa pamoja mithili ya sungura. Mtoto wa mbwa huzaliwa na nyonga zinazoonekana kuwa sawa. Kasoro hujitokeza kadiri anavyokua. Chanzo chake ni urithi unaotoka kwa wazazi wote wawili, na malezi huzidisha au hupunguza ukali wake.

Ama kuhusu kipimo, ni picha ya eksirei. Mbwa hupewa nusukaputi au dawa nzito ya kumtuliza, hulazwa chali, na miguu yake ya nyuma hunyoshwa sambamba na kugeuzwa kidogo ndani. Ni nadra mbwa kukubali kukaa hivyo akiwa macho, na picha iliyopigwa mbwa akiwa amejipinda haina faida. Kisha picha husomwa na wataalamu. Marekani ina taasisi ya OFA, iliyoanza mwaka 1966, inayotoa hukumu ya mwisho mbwa akitimiza miezi 24, kwa madaraja saba. Uingereza hupima mbwa kuanzia umri wa mwaka mmoja na kutoa alama kuanzia 0 hadi 53 kwa kila nyonga. Alama zikiwa chache, nyonga ni nzuri zaidi. Nchi nyingi za bara la Ulaya hutumia herufi A hadi E. Ipo pia njia ya PennHIP, inayopima ulegevu wa kiungo tangu mbwa akiwa na wiki 16.

Ndugu wananchi, sasa tuingie katika gharama. Anayeuliza bei ya kipimo hiki mara nyingi hutajiwa bei ya picha peke yake. Hiyo ni sehemu moja tu. Ipo ada ya daktari wa mifugo, ipo dawa ya usingizi ambayo huongezeka kwa uzito wa mbwa, yapo malipo ya wasomaji wa picha, na ipo nauli. Kwa watu wengi wa nchi yetu, nauli ndiyo inayovunja mgongo.

Nitatoa mfano wa kata ya Mabawe, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Nimeuchagua kwa kuwa Ngara ni wilaya ya pembezoni, inayopakana na Rwanda na Burundi, na shida ya mkaazi wa huko inafanana na ya mkaazi wa kisiwani: huduma iko mbali na njia yake ni ndefu. Tumfikirie mfanyabiashara wa Mabawe aliyenunua Rottweiler wa kulinda ghala la maharage na kahawa. Afisa mifugo wa kata atamchanjia mbwa huyo na kumtibu minyoo, lakini sindano na kipimajoto haviwezi kuonyesha mfupa. Hospitali ya kufundishia ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma. Mbwa wa kilo 45 hapakiwi katika basi la abiria kama kapu la ndizi. Itabidi gari likodiwe, dereva alipwe, na watu walale njiani. Picha inaweza kuwa ndogo kuliko mafuta yaliyoifuata.

Wala asidanganyike mtu kumpenyeza mbwa wake katika chumba cha eksirei cha hospitali ya binadamu kwa kujuana. Matumizi ya mionzi nchini Tanzania yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na mashine ile imewekwa kwa ajili ya wagonjwa.

Je, mfanyabiashara wetu afunge safari? Kwa maoni yangu, hapana. Hapa ndipo ilipo nukta ya mazungumzo haya. Kipimo cha nyonga, kwa asili yake, ni deni la anayezalisha mbwa. Mbwa dume mmoja aliyepimwa kabla ya kupandishwa huwakinga makumi ya watoto. Mbwa mlinzi asiyezalishwa, anayetembea bila ya tabu, akipimwa hatamkinga yeyote.

Ushahidi upo. Shule ya The Seeing Eye ya Marekani, inayofunza mbwa wa kuwaongoza wasioona, iliamua kuzalisha mbwa wenye nyonga nzuri pekee. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997, katika vizazi visivyofika vitano German Shepherd wenye kasoro walipungua kutoka asilimia 55 hadi 24, na Labrador kutoka asilimia 30 hadi 10. Gharama ililipwa kwa wazazi, na faida ikaonekana kwa watoto.

Kwa hiyo mnunuzi ana silaha isiyomgharimu hata senti moja, nayo ni swali. Kabla ya kutoa fedha, aulize: baba na mama wa mtoto huyu wamepimwa nyonga? Hati iko wapi? Namba ya mbwa iliyo kwenye hati ndiyo namba ya mbwa huyu? Muuzaji akisema kuwa wazazi ni wazima kwa sababu wanakimbia vizuri, hilo si jawabu. Mbwa mwenye kasoro ndogo anaweza kukimbia miaka kadhaa na kuirithisha kasoro hiyo kwa watoto wake.

Aidha, ipo kinga nyingine iliyo mikononi mwetu, nayo ni chakula. Nchini Marekani walifuatiliwa mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu utotoni, wakiwa wawili wawili. Mmoja alikula kipimo chake na mwenzake alipunguziwa robo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 na 2002 yalionyesha kuwa waliopunguziwa walipata maradhi ya nyonga kwa uchache zaidi, na waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao. Wengi wetu tunafurahia kumwona mtoto wa mbwa akinenepa, tukidhani ndiyo nguvu ya ulinzi. Kumbe tunaibebesha nyonga changa mzigo isioumudu. Hali kadhalika, tusimwongezee mtoto wa mbwa mkubwa unga wa mifupa au vidonge vya chokaa ikiwa chakula chake kinatosha. Ziada hiyo huharibu ukuaji wa mifupa. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2012 nao ulionyesha kwamba watoto wa mbwa waliopanda ngazi kila siku kabla ya kutimiza miezi mitatu walikuwa katika hatari kubwa zaidi, na waliocheza nje kwenye ardhi laini walikuwa na nafuu. Ua wa nyumba ya Mabawe, wenye udongo na kivuli cha migomba, unamfaa mtoto wa mbwa kuliko sakafu ya malumalu.

Ndugu zangu, sitamaliza bila ya kusema jambo la utangulizi katika matumizi yote ya mbwa, nalo ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Nyonga mbovu humtesa mbwa; kichaa cha mbwa huua binadamu, na dalili zikishadhihiri takriban hakuna anayepona. Kisiwa cha Pemba ni somo letu wenyewe. Kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010 ziliutokomeza ugonjwa huo mwaka 2014. Uliporejea mwaka 2016, chanjo ziliuondoa tena mwaka 2018. Mwenye fedha ya jambo moja tu na achanje. Mbwa wetu wa kienyeji, mwepesi wa mwili, anahitaji chanjo hiyo kila mwaka kuliko picha yoyote ya nyonga.

Kwa muhtasari, nawanasihi mambo manne. Anayezalisha mbwa wakubwa awapime wazazi kwanza, na gharama hiyo aiingize katika bei ya mtoto. Mnunuzi adai hati kabla ya kulipa. Watumishi wanaohusika na ununuzi wa mbwa wa kazi waweke sharti la kipimo cha nyonga katika mkataba, muuzaji akiwa ndiye mlipaji, kwa kuwa fedha ya umma haiulizi swali isipoulizwa na aliyekabidhiwa. Na mwenye mbwa anayechechemea asingoje. Amwone daktari wa mifugo, ampunguze uzito na ampumzishe kazi nzito, wala asimpandishe. Wamiliki wa eneo moja wakijikusanya na kumwalika daktari mwenye mashine ya kubebeka, nauli ya mmoja itagawanywa kwa wengi.