Saa ya Ulinzi Katika Inkubeta: Maelezo kwa Wafugaji na Mafundi wa Thika na Ruiru



Yai la kuku huhitaji siku 21 kwenye joto la takriban nyuzi 37.5 ili lianguliwe. Inkubeta zinazoundwa siku hizi huongozwa na maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo inayofuata programu. Programu ikiganda hita ikiwa imewaka, mayai yote huharibika usiku mmoja, na mkopo wa chama bado unadaiwa.

Ndiyo maana maikrokontrola nyingi huja na saa ya ulinzi. Saa hii huhesabu muda, na programu hutakiwa kuirudisha mwanzo kabla muda haujaisha. Isipofanya hivyo, saa huiwasha kompyuta upya. Kwenye Arduino Uno, muda mrefu zaidi ni takriban sekunde 8.

Lakini inkubeta huwa na kazi kadhaa zinazoendeshwa pamoja, yaani thredi: moja hupima joto, nyingine huongoza hita, nyingine hugeuza mayai, nyingine hutuma ujumbe kwa simu. Thredi ya ujumbe pekee ikiachiwa kuirudisha saa, ile ya joto inaweza kuganda na saa isijue. Ni sawa na bawabu anayeridhika kuona taa ya lango inawaka, asizunguke boma.

Kwa hivyo mafundi, kila thredi iweke alama yake inapomaliza mzunguko wa kazi. Thredi moja ya usimamizi ikague alama zote. Zikitimia, izifute na kuirudisha saa mwanzo. Hata moja ikikosekana, isiiguse.

Kompyuta ikijiwasha upya, hita ibaki imezimwa hadi joto lipimwe, na tukio hilo lihifadhiwe. Kujiwasha huko ni dalili ya kasoro inayotafutwa. Mwaka 1997, kompyuta ya chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilichokuwa Mirihi, ilijiwasha upya mara kadhaa kwa sababu kazi muhimu ilichelewa kukamilika. Wahandisi walitafuta chanzo, wakairekebisha programu wakiwa hapa duniani.

Saa ya ulinzi pia ina mipaka. Swichi ya hita ikikwama, kompyuta haiwezi kuizima. Wekeni thamostati ya pembeni inayokata umeme joto likizidi.

Nawe mfugaji, kabla ya kulipa, mwambie fundi aigandishe thredi ya joto mbele yako. Mashine isipojiwasha upya na kuzima hita, usiichukue.