Kamyo inayotetemeka ikisimama



Mmepakia mahindi kwenda kuuza Kolwezi, na kamyo ikisimama inatetemeka, motere inakohoa. Msiseme: «Ni kidogo tu, twende.» Ikizimika njiani katika mvua, mahindi yataota ndani ya mifuko, na kazi ya mwaka itapotea.

Maneno haya ni kwa motere za zamani, zenye karbiratere na waya za buji.

1. Zimeni motere. Toeni waya wa buji moja, ncha yake iguse chuma cha motere. Washeni tena, sikilizeni. Fanyeni hivi kwa kila buji. Sauti ikiharibika zaidi, silinda ile ni nzima. Sauti isipobadilika, hiyo ndiyo yenye ugonjwa.

2. Motere ikiisha kupoa, fungueni buji ya silinda ile. Ikiwa nyeusi kwa masizi, isugueni. Nafasi ya cheche iwe karibu milimeta 0,6. Ikiwa imepasuka, wekeni mpya.

3. Buji zote zikiwa njema, pakeni oili kidogo pale karbiratere inaposhikana na motere. Motere ikitulia, upepo unaingia pale: kazeni. Msipake esanse, italeta moto.

Tena, msizungushe visi ya karbiratere ili motere iende mbio tu. Huko ni kuficha ugonjwa na kumaliza esanse bure. Tafuteni kwanza silinda yenye ugonjwa, ndipo mtoe feza kununua chombo.