Mwanagenzi Aliyependa Kuuliza
(Mazungumzo kwa vijana wetu wa picha, sauti na sinema)



Nimeombwa niseme machache mintarafu ya vijana wetu wanaoshika kazi za vyombo vya picha na sauti. Mimi si mwanachuoni wa mambo hayo. Nalikuwa mpiga picha hapa Biryogo zamani za filamu na chumba cha giza, na niliyo nayo ni ushahidi wa mtu aliyekosea.

Nalikuwa na mwanagenzi mmoja. Jicho lake lilikuwa kali kuliko langu. Walakini kila nikimtafuta nilimkuta barazani kwa mafundi cherehani, ama kwa mwandika mabango, akiuliza hili na lile. Nikamwambia: mshika mawili moja humponyoka, basi chagua. Akachagua kunitii. Akaketi nami miaka minne akipiga picha za pasipoti. Zilikuwa picha safi, wala hapakuwa na kitu ndani yake. Kisha akaiacha kamera kabisa, nami nikasema kuwa hakuwa na moyo wa kazi.

Mwaka 2021 ilionyeshwa huko Cannes, Ufaransa, sinema iitwayo Neptune Frost, iliyopigwa papa hapa Rwanda. Walioiongoza ni Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda, na Saul Williams wa Marekani, ambaye ni mtunga mashairi na mwanamuziki. Kisa chake ni cha wachimbaji wa koltani, madini yale yaingiayo katika simu tulizo nazo mifukoni, na ndani yake mwasikika Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Fikra yenyewe haikuanza kuwa sinema: walidhamiria mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, na mwaka 2016 Williams alikuwa amekwisha kutoa nyimbo zinazohusiana na kisa hicho. Mavazi na mandhari vilibuniwa na Cedric Mizero, Mnyarwanda, mtu wa mitindo ya nguo na wa sanaa nyinginezo. Alitwaa nyaya na vibonye vya kompyuta zilizokufa, akavifanya nguo za kuvaliwa.

Nilipoyaona mavazi yale nilimkumbuka kijana wangu, barazani kwa mafundi cherehani.

Wapo watakaosema kuwa nawafundisha vijana kurukaruka kama panzi. La, hasha. Kuonja kila chungu si kupika. Tazameni imigongo, sanaa ya akina mama wa Nyarubuye. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kwa vidole juu ya ubao ikawa matuta, hukauka, husuguliwa, ndipo hutiwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kijana akienda na kamera yake nusu saa, atarudi na rangi tu. Lakini aliyekaa akaitia mikono yake katika samadi (na harufu yake, mabwana, si ya udi) ajua kwamba tuta lile huishi kwa kivuli chake. Kwa hiyo taa yake ataiweka ubavuni, si mbele. Hilo halimo katika kitabu cha kamera. Amelipata kwa kinamama, kwa kukubali kuwa mwanafunzi tena baada ya kuitwa fundi, na kukubali huko ndiko kugumu khasa. Mimi kulinishinda.

Mwaka jana nilikutana naye njiani, Nyamirambo. Amekuwa mtu mzima, auza vipuri vya pikipiki. Alinisalimu kwa adabu, akanibeba mfuko mpaka nyumbani. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwuliza khabari za watoto.

Mheshimiwa Mwenyekiti, chumba cha nyuma cha jumuiya hii kimejaa viti vibovu. Naomba viti hivyo vitolewe, vijana wa kamera wapewe chumba hicho jioni, na mafundi cherehani waalikwe pamoja nao, na wachoraji, na yeyote ajuaye kupiga dufu. Kamera yangu ya zamani nimekwisha kuileta. Iko pale mezani, karibu na birika. Na huyo muuza vipuri nimempelekea mwaliko.