Anayepima Uongo, Yeye Kapimwa na Nani?

(Hotuba kwenye kikao cha vijana, Kata ya Gungu)



Nimeombwa niongelee haki zetu kazini. Nachukua jambo moja tu: mashine ya kupima uongo, poligrafu.

Chukua kijana anayetunza stoo pale Mwanga. Mzigo umepungua. Bosi analeta mtu na mashine: mkanda kifuani, waya vidoleni, kipima presha mkononi. Maswali machache, anaambiwa "umedanganya", kazi hana. Jamani, mashine ile haipimi uongo! Inapima mapigo ya moyo, pumzi na jasho. Nani hatoki jasho akiitwa mwizi?

Na huyo mpimaji, leseni yake iko wapi? Bodaboda wa hapa Gungu anadaiwa leseni. Vinasaba vya binadamu vina sheria yake tangu 2009, msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Mpimaji wa uongo hana sheria yake wala bodi.

Marekani, tangu 1988, waajiri wengi binafsi wamekatazwa kuwapima wafanyakazi hivyo. India, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2010 kwamba kumpima mtuhumiwa bila ridhaa ni kumlazimisha ajishuhudie mwenyewe.

Wapo watakaosema, basi wapewe leseni yaishe. Ngoja kwanza. Leseni inamthibitisha mtu, haiithibitishi mashine. Sisi wa Kigoma tunawajua kamchape: anakuja kijijini, ananyoosha kidole, familia inakimbia. Hata umpe muhuri wa serikali, kidole kinabaki kidole.

Kwa hiyo tudai kwa mpangilio. Kwanza, asipimwe mtu bila ridhaa yake ya maandishi, na akikataa asiadhibiwe. Pili, majibu ya mashine peke yake yasimfukuze mtu kazi. Tatu, ndipo ije leseni, na mahali pa kumshtaki mpimaji.

Wakati tunadai, tumieni kilichopo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kuwa sababu ya kukuachisha ni halali. Siyo wewe. Ukifukuzwa, una siku 30 kufungua mgogoro CMA. Usikae nyumbani unalia mpaka zikaisha. Na usisaini karatasi ambayo hujaisoma.

Maswali sasa!