Kuku wa Sherehe na Mayai ya Nyumbani
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya kuku na mayai. Wengine watacheka kwamba karani amekuja kuwafundisha akina mama kazi ya jikoni. Lakini tuna deni la kulipa, na yafaa lilipwe hapa hapa mbele ya wanachama wote.

Mtakumbuka karamu yetu ya Desemba 2023. Usiku ule watu 19 walishikwa na tumbo la kuhara na kutapika, na mtoto mmoja wa miaka miwili alilazwa hospitalini siku mbili. Kulipokucha maneno yalikwisha kuenea mtaani kwamba chakula kilitiwa kitu. Aliyetajwa ni mama tuliyemkabidhi jiko. Nasi wa Kamati, tuliojua jinsi siku ile ilivyopita, tulinyamaza muda wa majuma mawili. Hilo ndilo deni.

Afisa wa afya alipofika hakuuliza habari za sumu. Aliuliza saa. Kuku waliiva saa ngapi? Saa tano asubuhi. Waliliwa saa ngapi? Saa kumi alasiri. Kati ya saa hizo kulikuwa na nini? Bwana Mwenyekiti, kulikuwa na hotuba zetu, na kumngoja mgeni wa heshima. Kisha akauliza kuku walikatiwa wapi walipoiva. Jibu likawa: juu ya ubao uleule uliokatiwa kuku wabichi asubuhi, nao ubao ulikuwa mmoja kwa sababu Kamati ilikataa kununua wa pili.

Tueleze jambo hili vizuri. Kuku mzima, mwenye afya machoni, aweza kubeba tumboni mwake vijidudu viitwavyo salmonela na kampilobakta bila kuugua. Moto huviua, mradi nyama iive mpaka ndani, kwenye paja karibu na mfupa, pasibaki wekundu wala maji ya damu. Mwenye kipimajoto atafute digrii 74 za sentigredi. Lakini kuku aliyeiva akirudishwa kwenye ubao mbichi, au akitiwa katika besheni lililopokea kuku walionyonyolewa, vijidudu humrudia, na safari hii hakuna moto wa kumsafisha.

Tena kuna aina nyingine ya vijidudu vyenye mbegu ngumu zisizokufa hata sufuria ikitokota. Chakula kikianza kupoa polepole, kama kipoavyo katika sufuria kubwa ya sherehe, mbegu hizo huamka na kuzaana. Ndiyo sababu tunaambiwa chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto wala friji. Kikingoja, kingoje juu ya makaa kikiwa moto hasa, si vuguvugu. Wala tusijidanganye kwamba kupasha moto hufuta kila kosa. Viko vijidudu vinavyoacha sumu isiyoondoka kwa kupasha. Kanuni hizi si za afisa mmoja. Shirika la Afya Duniani lilizitangaza mwaka 2001 katika kanuni zake tano za chakula salama.

Sasa nyumbani. Kuku wa kuchinjwa asubuhi asipewe chakula usiku, apewe maji tu, ili utumbo uwe mtupu na usipasuke kwa urahisi mkononi mwa anayemtumbua. Akibabuliwa motoni manyoya madogo huisha, lakini asidhaniwe ameiva wala ametakasika. Kuhusu kuosha, tunajua tutapingwa, maana sote tumelelewa tukiona kuku akioshwa maji matatu. Ukweli ni kwamba maji ya mfereji yanapompiga kuku hurusha matone juu ya vikombe, sukuma wiki na mikono ya watoto. Asiyeweza kuacha desturi hii na amwoshe taratibu katika besheni, mbali na vyombo, kisha besheni, kisu na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Kuku aliyekufa mwenyewe, au anayesinzia mabawa yameshuka, asichinjwe ili kuokoa nyama. Twajua uchungu wa kideri kinapopita bomani na kufagia kuku wote kwa juma moja. Hata hivyo hakuna awezaye kwa macho tu kutenganisha kideri na mafua ya ndege, nayo mafua hayo yamekwisha kuua watu tangu mwaka 1997 kule Hong Kong. Kuku wa namna hiyo afukiwe shimoni, na afisa wa mifugo apewe habari.

Mayai hatutayasemea sana. Kulitia yai majini kuona kama laelea huonyesha umri wake tu. Yai bichi la leo, linalozama vizuri, laweza kuwa na salmonela ndani ya ganda. Kwa hiyo desturi ya kumpa mgonjwa au mama mjamzito yai bichi katika maziwa, eti apate nguvu, iachwe. Lipikwe mpaka kiini kigande. Lenye kinyesi lipanguswe kwa kitambaa kikavu, lisioshwe na kuwekwa, kwa kuwa ganda lina vitundu na maji huingiza uchafu.

Mama tuliyemtaja yuko pamoja nasi leo. Kamati ilimwendea nyumbani kwake mwezi Februari ikamwomba radhi, lakini masengenyo yalikuwa ya hadharani na radhi ilikuwa ya faraghani. Mama, tunakuomba radhi mbele ya watu hawa. Kosa lilikuwa letu.

Yeye amekubali kutupikia tena, kwa masharti aliyoyaweka mwenyewe: mbao mbili, visu viwili, na makaa ya kutosha. Vyote vimenunuliwa, mtaviona katika hesabu ukurasa wa mwisho. Sharti la nne ni kwamba chakula kisingoje hotuba. Kuku wameteremshwa saa sita na nusu, na sasa ni saa saba kasoro robo. Taarifa ya Mweka Hazina itasomwa baada ya kula.