RAFU TUPU: NANI ANAMCHEZEA MGONJWA WA HERU JUU?



Wengi wenu mnaouza mitumba na kupiga debe hapa mjini mmetoka Kasulu na Kibondo. Babu zenu walipelekwa Tanga kuwa manamba wa mkonge. Leo ninyi ndio mnaopigiwa simu usiku: "Mtoto anaumwa, zahanati wamesema dawa hakuna, tuma hela tukanunue dukani." Tuulizane basi: bei hiyo ya dukani kaipanga nani?

Msimtupie mwenye duka lawama zote. Dawa nyingi tunazomeza zinatoka nje, hasa India, na zinanunuliwa kwa dola. Shilingi ikianguka, kidonge kinapanda. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na Heru Juu bado ina kilima chake cha kupanda. Kila mkono unaopokea boksi unaongeza chake.

Ndiyo maana mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bohari ya Dawa, MSD. Hesabu yake ni ya sokoni: anayenunua shehena hupewa bei nafuu kuliko anayenunua kopo. Mwaka huohuo hospitali za Serikali zikaanza kutoza uchangiaji. Mlalahoi akaambiwa achangie ili dawa zipatikane. Kilichofuata mnakijua. Mwaka 2014 Serikali yenyewe ilikuwa inadaiwa na MSD zaidi ya shilingi bilioni 90, na hospitali zikaonja makali yake. Mlalahoi akikosa mia tano anarudishwa nyumbani. Je, kigogo aliyekalia deni la mabilioni alirudishwa wapi?

Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito watibiwe bure. Bure hiyo iko kwenye karatasi. Rafu ya zahanati ikiwa tupu, mama huyo anaingia dukani na kulipa bei kamili, na mwenye duka hana wa kushindana naye. Hiyo ni rafu hata kwa lugha ya mpira.

Asiye na hela ya dozi nzima hununua nusu. Nusu dozi humpa mdudu nafasi ya kuzoea dawa. Sisi tunalijua hilo: mwaka 2001 nchi hii ililazimika kuiacha klorokwini baada ya malaria kuizoea, na dawa zilizofuata zilikuwa ghali zaidi.

Wapo watakaosema bei ni ya soko, haina mjadala. Si kweli. Uingereza, nchi ya mabepari wenyewe, tangu 1957 Serikali yake hukaa mezani na wenye viwanda kuzibana bei za dawa. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziliuzwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza dola 350. Ni ugonjwa uleule na dawa zilezile. Kilichobadilika ni ushindani na kelele za wagonjwa.

Sasa kazi yenu. Mkiingia dukani, ulizeni jina la dawa yenyewe, siyo la kampuni; paracetamol ni paracetamol, hata ikivaa koti la bei mbaya. Tazameni tarehe ya kuisha. Mkirudi nyumbani, ulizeni kamati ya zahanati: makopo mangapi yalipokelewa, lini, nani alishuhudia? Kamati hiyo ni ya wananchi. Na mgombea akija na kofia na fulana, mwulizeni zahanati yenu imetengewa kiasi gani cha dawa, na kimefika kiasi gani.

Fulana haitibu homa.