Kompyuta za Hospitali Zahitaji Uongozi

Namoto ni kituo cha mpakani katika wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini kabisa mwa Msumbiji. Mbele yake ni mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Kilambo, katika mkoa wa Mtwara. Wamakonde wako kando zote mbili za mto huo, na Kiswahili husikika kando zote mbili. Watu huvuka kwenda kuuza, kununua, kuoza, kuzika na kutafuta dawa. Afisa uhamiaji hugonga muhuri, afisa forodha hukagua mzigo, na askari polisi hulinda usalama. Lakini mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa za miezi sita upande mmoja, kisha akavuka kabla ya kuzimaliza, huvuka na ugonjwa wake peke yake. Taarifa zake hubaki nyuma, katika daftari la zahanati asiyojua kama atairudia.

Hasara ya jambo hilo si ya mgonjwa mmoja. Mtu anayekatiza dawa za kifua kikuu huweza kulea vimelea sugu, na vimelea hivyo huwaambukiza jirani, abiria mwenzake na askari aliyesimama kizuizini. Ndiyo maana taarifa za hospitali, na mitambo ya kompyuta inayozitunza, ni suala la usalama wa wananchi kama lilivyo suala la tiba.

Wapiganaji wa eneo hilo hawana haja ya kufundishwa thamani ya huduma za afya katika mapambano. FRELIMO ilianza vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba, 1964, katika mkoa huo huo wa Cabo Delgado, na wakati wa vita hivyo ilikuwa na hospitali yake mjini Mtwara, na majeruhi walivushwa Ruvuma kwenda kutibiwa. Samora Machel, aliyeliongoza jeshi hilo na baadaye taifa, alikuwa muuguzi kwa kazi yake.

Katika miaka ya karibuni mkoa huo umepata majaribu mengine. Mashambulio yalianza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na vituo vya polisi ndivyo vilivyolengwa kwanza. Mwaka 2020 mji huo ulitekwa na hospitali yake ya wilaya ikaharibiwa. Tarehe 24 Machi, 2021, ikawa zamu ya Palma. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2022 watu waliokuwa wamehama makwao walikadiriwa kufika milioni moja. Miongoni mwao walikuwamo wanaomeza kila siku dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, wajawazito, na watoto waliokuwa katikati ya chanjo. Pale ambapo daftari liliungua na kadi ikapotea njiani, muuguzi wa kambini hakuwa na budi kuanza upya kwa kuuliza maswali.

Je, kompyuta ingeondoa tatizo hilo? Jibu ni kwamba ingeweza kulipunguza, kwa sharti la kuongozwa vizuri. Msumbiji na Tanzania zote mbili hutumia programu iitwayo DHIS2 kukusanya taarifa za afya. Asili ya programu hiyo ni kazi iliyoanzishwa Afrika ya Kusini baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania Bara ikafuata kufikia mwaka 2013, juu ya msingi wa vitabu vya MTUHA ambavyo kila mhudumu wa zahanati anavijua. Msumbiji ilianza majaribio mapema, karibu na mwaka 2000, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane; hata hivyo ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya programu hiyo kuwa mfumo wa taifa.

Katika muda kama huo, mara nyingi kinachokosekana si mashine. Mfadhili mmoja huleta fomu zake, mwingine huleta programu yake, na muuguzi yule yule huandika mgonjwa mmoja mara tatu. Kompyuta iliyoletwa kwa sherehe huharibika kwa kukosa betri, na hakuna aliyepewa jukumu la kuinunua. Tena, taarifa za mwezi za DHIS2 kazi yake ni kuhesabu. Zitasema wilaya imepata wagonjwa wangapi wa kifua kikuu. Hazitamwambia mganga wa Namoto kwamba mama aliyeketi mbele yake amebakiza miezi miwili ya dawa. Kuamua taarifa gani zimfuate mgonjwa, na nani aruhusiwe kuzisoma, ni kazi ya viongozi. Mashine haiamui.

Nchi tajiri nazo zimejifunza hayo kwa gharama kubwa. Tarehe 12 Mei, 2017, virusi vya kompyuta vilivuruga kazi za kiasi cha theluthi moja ya mashirika ya hospitali ya England. Marekebisho ya kuvizuia yalikuwa yametolewa tangu mwezi Machi, na tahadhari ilikuwa imetumwa. Mashine nyingi hazikuwa zimerekebishwa. Miadi ya wagonjwa iliyovunjika ilikadiriwa kuzidi 19,000.

Kisa cha Ireland kinafundisha zaidi. Tarehe 18 Machi, 2021, mtumishi mmoja wa idara ya afya alifungua faili lililotumwa kwa barua pepe. Wahalifu wakapata mlango. Walikaa ndani ya mitambo kwa wiki nane, na dalili zilizoonekana hazikuchukuliwa hatua ya kutosha. Tarehe 14 Mei wakayafunga mafaili ya hospitali za nchi nzima na kudai fedha. Madaktari walirudi kwenye kalamu na karatasi, na kuirudisha mitambo katika hali yake kulichukua miezi minne. Uchunguzi ulipofanywa, ilibainika kwamba katika uongozi wa juu hapakuwa na afisa hata mmoja aliyekabidhiwa jukumu la ulinzi wa mitambo hiyo. Mitambo ilikuwapo, mafundi walikuwapo, kamanda hakuwapo.

Neno hilo askari hulielewa upesi. Ghala la silaha halikosi mtunzaji mwenye jina na sahihi. Bunduki haitoki bila kuandikwa. Lindo halikabidhiwi kwa dhana. Basi kompyuta ya hospitali nayo yataka utaratibu wa namna hiyo. Awepo afisa mmoja anayewajibika, naye awe na kiti katika kamati ya uongozi wa hospitali, asiwe fundi anayeitwa mtambo ukishazimika. Kila mtumishi awe na neno lake la siri, wala asimwazime mwenziwe, kama asivyomwazima silaha. Nakala ya taarifa ichukuliwe kila siku na kuhifadhiwa jengo jingine, ili moto mmoja usiteketeze vyote viwili. Fedha za matengenezo zitengwe siku ile ile ya kununua. Na zoezi la kufanya kazi kwa karatasi lifanywe mara kwa mara, kwa sababu umeme utakatika, na mstari wa mawasiliano utakatika, iwe kwa kimbunga au kwa adui. Majeshi yenyewe yana hospitali, kama ile ya Lugalo ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Yafaa utaratibu huo uanze kuonekana huko.

Lipo jambo la mwisho, na ni zito kwa askari aliye zamu. Orodha ya wagonjwa ikiwa ndani ya kompyuta, watu elfu huweza kuanikwa kwa dakika moja. Katika eneo la mapigano, kumjua nani alitibiwa jeraha la risasi, au nani ana ugonjwa wa aibu machoni pa jirani, kunaweza kumgharimu mtu maisha. Itifaki ya Pili ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inataka siri ya mganga kuhusu majeruhi na wagonjwa iheshimiwe hata katika vita vya ndani, kwa kufuata sheria za nchi. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Polisi akihitaji taarifa kwa ajili ya upelelezi, njia yake ni sheria na mkuu wa hospitali. Njia yake si kumtisha karani wa zamu ya usiku.

Kadhalika kadi ya kliniki iliyokunjwa katika kitambaa cha mama anayevuka Ruvuma si karatasi ya kutupwa kizuizini. Mpaka mitambo ya pande mbili itakapoweza kusomana kwa usalama, kadi hiyo ndiyo kumbukumbu pekee inayovuka naye. Askari anayeikagua na kumrudishia mwenyewe ikiwa kavu na nzima amelinda dawa za miezi sita, na amewalinda wote watakaopanda mtumbwi mmoja na mama huyo.